Tundu la Ng'ombe Sita

Kaka yangu Bernado alikuja kwangu Bweri, Musoma, siku ya Alhamisi, mwezi wa saba mwaka 1985, mikono mitupu. Mtu wa Butiama hashuki Musoma mikono mitupu. Hata iwe njaa, atakuletea viazi vitatu ndani ya kitambaa. Nikajua jambo ni zito, nikampa kiti na maji, nikasubiri.

"Jumamosi wakwe wa Petronila wanakuja," alisema. "Wewe unajua shaba. Nataka uje uwaambie lile tundu ni la Mjerumani."

"Nani anasema si la Mjerumani?"

"Wanasema lao lilikuwa la Mjerumani, ila hili lililoko kwangu silo. Wanasema nililiuza lile la kwanza, nikatundika lingine."

Petronila ni binti yake wa kwanza. Aliolewa mwaka 1981 na Thadeo, mvuvi wa Suguti. Mwaka ule ng'ombe walikuwa wanakwisha. Majosho yalikuwepo, dawa ya josho haikuwepo, na kupe walikuwa wengi kuliko majani. Upande wa Thadeo walipungukiwa na mahari. Wakaleta ng'ombe sita walio hai, na badala ya sita wengine wakaleta tundu la ndege. Lilikuwa la rangi ya shaba, lenye kuba juu kama kanisa, urefu wake wafika kiunoni. Mshenga wao, Wambura, baba mdogo wa Thadeo, alisema amelipata Musoma kwa familia ya wafanyabiashara waliokuwa wanahama, nao walimwambia lilikuwa la mke wa bwana mkubwa wa Kijerumani, enzi ile boma linajengwa. Kaka yangu akalitazama linavyong'aa. Wakati huo tulikuwa tunapanga foleni ya kipande cha sabuni, tena kwa majina. Akakubali lihesabiwe ng'ombe sita. Akalitundika ndani, na kwa mwaka mzima hakuna mgeni aliyenywa uji nyumbani kwake bila kuonyeshwa.

Sasa Petronila alikuwa amerudi nyumbani. Alirudi kwa miguu, jino la mbele limetoka, mkono wa kushoto haunyooki. Hakuwa amezaa, wala hawakuwa wamefunga ndoa kanisani, kwa hiyo kwa desturi yetu mahari ilitakiwa irudi yote. Ikirudi yote, yuko huru. Isiporudi, yeye ndiye anayerudi.

"Una ng'ombe wangapi?" nilimuuliza kaka.

"Wanane."

Sita wa kurudisha walikuwepo. Wakikubali na tundu, mambo yamekwisha. Wakilikataa, wanadai ng'ombe sita wengine, na Bernado angebaki na wawili tu wa kujaribu kuzaa sita.

"Neno moja tu, Eufrasia," alisema. "Useme ni la zamani. Watakuamini. Wewe ndiye unayesafishaga vyombo vya kanisa."

"Nitaliangalia kwanza," nilimjibu.

Ni kweli, kwa miaka kumi na moja nilikuwa nasafisha shaba ya parokia: vinara, chetezo, kengele, sahani za mishumaa. Hakuna aliyenifundisha. Dawa ya kung'arishia ilipokosekana nilijifunza majivu na ndimu, na mtu akisugua kitu kimoja mwaka hadi mwaka, kitu kile huanza kumweleza kimetengenezwaje. Halafu marehemu baba yetu alikuwa mtegaji wa kware. Alisuka matundu kwa fito za mwituni, akaweka kware jike ndani, akayatundika juu ya mti mrefu shambani ili sauti yake iwaite wenzake alfajiri. Kwa hiyo shaba niliijua, na tundu nililijua. Na tangu mwaka 1981, siku ile ya mahari, niliposimama mlangoni na sinia la chakula, nilikuwa na wasiwasi na kitu kile. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mwanamke haulizwi bei ya mahari. Nikanyamaza. Miaka minne mizima.

Ijumaa sikwenda Butiama moja kwa moja. Nilianza na Bunda. Miezi miwili kabla nilikwenda huko kwenye ubatizo, nikaona kitu katika duka la Keraryo, mmoja wa wale walioanza kuleta bidhaa kutoka nje tangu serikali iruhusu mtu atumie fedha zake mwenyewe. Yalikuwa bado yapo: matundu matatu, yamepangwa juu ya mabeseni ya plastiki.

"Mama, hayo ni ya mapambo," Keraryo alisema. "Unaweka maua ya plastiki ndani, unatundika sebuleni. Usije ukamtia ndege humo ukanilaumu."

"Kwa nini?"

"Atatoka. Mimi mwenyewe nilijaribu na shorewanda, akanicheka."

Nilimuuliza yamefika lini. Akasema mwezi wa tatu, mwaka huu. Kabla ya hapo? "Kabla ya hapo nilikuwa nauza chumvi kwa kikombe, nayo ya magendo. Tundu ningelitoa wapi?" Bei yake ilikuwa sawasawa na mbuzi jike mmoja mnadani. Juu ya kitako kulikuwa na karatasi ndogo ya kiwandani iliyobandikwa, ina picha ya tausi.

Nilimwomba aniazime moja kwa siku tatu. Alikataa. Nikatazama masinia yake ya shaba yaliyokuwa yameota kutu ya kijani, hayauziki, nikamwambia nitamng'arishia yote manne. Akafikiri kidogo.

"Matano," akasema. "Liko lingine nyumbani."

Nilifika Butiama jioni kwa lori la pamba, tundu limo ndani ya gunia. Petronila alinipokea mzigo kwa mkono wa kulia. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yaleyale ya utotoni, ya mtoto anayeambiwa alale na halali.

"Shangazi, baba kakuomba udanganye?"

"Kaniomba niseme ni la zamani."

"Usiseme uongo kwa ajili yangu. Wambura akija kuugundua, ataufanya kamba ya kunifungia. Na mimi Suguti sirudi. Hata wakisema lile tundu ni la dhahabu, wamchukue baba, wamchukue na zizi, mimi sirudi."

"Kelele hizo," Bernado alisema kutoka ndani.

"Si kelele, baba. Nakutaarifu."

Asubuhi, jua lilipopanda vya kutosha, nilitandika mkeka uani, nikaliweka tundu la Bernado peke yake. La Keraryo nililiacha kwenye gunia. Nililitazama upande mmoja baada ya mwingine bila kuligusa. Kisha nikachukua sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Kwenye kuba sumaku haikushika. Kwenye fito ikashika tap! Ni chuma kilichopakwa shaba. Nikapitisha pini kwenye fito moja, chini, pasipoonekana. Ukatoka mstari mweupe. Nikatazama vitobo fito zinapopita: vyote sawa, vimepigwa na mashine kwa pigo moja. Mtu anayetoboa kwa mkono hukosea angalau mara moja katika mara arobaini. Nikapima nafasi kati ya fito kwa vidole, vikapita viwili. Mlango ulifunguka nusu, mkono wangu haukuingia. Hakuna trei ya kutolea mavi. Hakuna doa la kijani chini, na mavi ya ndege hula shaba kama chumvi inavyokula bati. Halafu kuba lenyewe, gumu na refu: kware akishtuka huruka wima, na ndani ya tundu hili angejivunja kichwa siku ya kwanza. Baba alikuwa akishona kitambaa laini juu kwa sababu hiyo.

Tundu lile halikuwahi kukaa ndege, na aliyelitengeneza hakumfikiria ndege hata kidogo.

Weusi ulioko kwenye mapambo, ule uliowafanya watu waseme ni wa zamani, ulikuwa wa aina mbili. Nikachukua muda mrefu hapo. Mmoja ulikuwa rangi ya kahawia, uko chini ya vanishi. Kiwanda kiliupaka ili kitu kionekane kimeishi. Wa pili ulikuwa juu ya vanishi, wenye mafuta, mzito juu ya kuba na mwembamba chini. Huo ulitoka kwa kidole. Ulikuwa masizi ya jiko la nyumba ile. Nilipolikata tabaka lake kwa ukucha lilikuwa nene kama ganda la karanga.

Nikamwita kaka yangu.

"Si la Mjerumani," nilimwambia. "Ni la kuigizwa. Thamani yake mbuzi mmoja."

"Basi umeniua mara mbili," akasema. "Wambura atasema ndilo hilo nililobadilisha. Na watu wote walionywa uji hapa watacheka."

"Watacheka," nilisema. "Lakini hujalibadilisha, na ninaweza kulionyesha hilo. Uongo siwezi kuuonyesha, kaka. Hauna mahali pa kushika."

Aliondoka kwenda zizini.

Wageni walifika saa nne. Thadeo hakuja. Alikuja Wambura na wanaume wawili wa ukoo wao, na upande wa kusuluhisha alikaa Makongoro, ambaye Butiama wote walimchukua kwa kesi za ng'ombe kwa sababu hana subira ya hotuba. Alikaa kwenye kigoda karibu na zizi, akisumbuliwa na nzi.

"Sema," alimwambia Wambura. "Kwa ufupi. Nina mgonjwa nyumbani."

Wambura hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kuitia mtumbwi wa mbali. "Sisi tulileta ng'ombe kumi na wawili," alisema. "Sita wa miguu minne, sita wa shaba. Ng'ombe wa miguu wapo, nimewaona, ahsante. Wa shaba hawapo. Lile letu lilikuwa la zamani, tena la Mjerumani. Hili ni la dukani. Mimi nilishikaga lile kwa mikono hii. Wakwe zangu wameliuza. Basi watupe ng'ombe sita, au watupe mke wetu."

"Nani hapa anajua vyombo?" Makongoro aliuliza.

Bernado alinitazama. Kulikuwa na ombi machoni mwake hadi dakika hiyo. Nikasimama.

"Huyu?" Wambura alicheka. "Mama Kija, wewe unaosha vinara vya padri! Tangu lini umekuwa mpimaji wa serikali?"

"Tangu nilipoanza kuviosha, shemeji," nilisema. "Nakubaliana na wewe. Hili si la zamani. Ni la dukani."

Wanaume wake wakapiga makofi. Kaka yangu akainamisha kichwa. Wambura mwenyewe alishangaa kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango ambao haukufungwa.

Niliwaonyesha sumaku, pini, mlango usioingia mkono. Kisha nikafungua gunia, nikaweka tundu la Keraryo kando ya la Bernado. Urefu mmoja, fito thelathini na sita hapa na thelathini na sita pale, ua lilelile juu ya mlango. Moja jeusi, moja linang'aa na karatasi yake ya tausi.

"Mnaona!" Wambura alipaza sauti. "Wananunuaga Bunda! Amekiri mwenyewe!"

"Shemeji, njoo uguse hapa." Nilimwonyesha juu ya kuba. Hakuja, akaja Makongoro. Akapitisha kidole, kikatoka cheusi.

"Masizi," alisema.

"Ya muda gani, mzee?"

Alikuna kwa ukucha, akanusa. "Mimi nina nyumba. Haya si ya mwaka mmoja. Miaka mitatu, minne."

"Na haya ya Bunda yamefika mwezi wa tatu mwaka huu. Muulizeni mwenye duka, anaitwa Keraryo. Kwa hiyo hili halikununuliwa Bunda."

"Basi walilibadilisha zamani," Wambura alisema. "Mwaka uleule, themanini na moja."

Nilikuwa nalisubiri neno hilo, na sikuharakisha.

"Mwaka themanini na moja," nilisema, "shemeji, wewe ulikuwa unavaa nini?"

"Unauliza nini?"

"Mimi nilikuwa nimevaa gauni la mapazia. Mama Penina pale jirani alijifungua, tukamfunga mtoto kwenye gunia la sukari, na sukari yenyewe tuliisahau ladha. Duka lilikuwa na viberiti na muuzaji. Mpaka wa Sirari, wa kwenda Kenya, ulikuwa umefungwa. Mtu aliyekosa sabuni, anipe jina la duka alikopata tundu la pili la shaba, linalofanana na lile la kwanza hadi ua la mlangoni. Mkoa mzima wa Mara. Nitangoja."

Mmoja wa wanaume wa Wambura alianza kutabasamu, akajizuia.

"Lilikuwepo moja tu," nilisema. "Ni hili. Mlilileta nyinyi. Sisemi ulidanganya, shemeji. Waliokupa walikwambia ni la Mjerumani, nawe uliamini, na kaka yangu akakuamini wewe. Wote mlitazama linavyong'aa."

Hapo Bernado akasimama. Alivua kofia. "Nilidanganyika," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi njiani. "Nilimhesabu mwanangu kwa kitu cha kutilia maua. Nilitembeza watu kukitazama. Aliyenywa uji hapa na acheke, haki yake."

Makongoro alifukuza nzi. "Kwetu, cha mahari kikiwa hai kinarudi chenyewe. Ng'ombe hai harudishwi kwa bei, anarudi na mkia wake. Tundu hili li hai. Linarudi. Wambura, pokea kwa mkono, tumalize."

Wambura aliweka mikono nyuma. "Sipokei."

"Usipopokea, jambo halijaisha."

"Ndiyo. Halijaisha. Na lisipoisha, yule ni mke wetu." Alikuwa amepata pumzi tena. "Tutakuja mwezi ujao, na mwezi mwingine. Mimi sina haraka."

Makongoro alikunja uso, lakini desturi ilikuwa upande wa mikono ile. Mtu halazimishwi kupokea. Nilikuwa nimethibitisha kila kitu, na haikutosha.

Petronila alitoka jikoni. Hakumtazama mtu. Aliliinua tundu la masizi, akalipachika kichwani juu ya kata ya kanga, akaenda zizini. Baba yake alimwangalia. Kisha Bernado akaanza kuvuta miti ya lango, mmoja mmoja, hadi njia ikawa wazi.

"Mnafanya nini?" Wambura aliuliza.

"Nakusindikiza, baba mdogo," Petronila alisema. "Kama wewe hupokei hapa, Suguti atakuwepo wa kupokea. Nitaliweka mbele ya mlango wa Thadeo, mchana, watu wakitoka ziwani."

"Mwanamke haswagi ng'ombe wa mahari yake! Haijatokeaga!"

"Leo inatokea."

Aliwachagua wale sita kwa fimbo, hakukosea hata mmoja. Nikachukua tundu la Keraryo, nikalitia kichwani na mimi. Sikuwa nimepanga. Lakini mtu aliyenyamaza miaka minne anaweza kutembea siku mbili.

Njia ya kwenda barabara kuu ina watu Jumamosi. Walisimama mashambani, wakaegemea majembe. "Mapacha!" alipiga kelele mmoja. "Mnapeleka wapi mapacha?"

"Hili la kulia ni la Mjerumani," Petronila alijibu bila kusimama, "lina thamani ya ng'ombe sita. La shangazi ni la Bunda, mbuzi mmoja. Nitajie tofauti!"

Watu walicheka, na kicheko kilikimbia mbele yetu kuliko ng'ombe. Nyuma, Wambura alikuwa anatembea na wenzake, kwanza kwa hasira, halafu kimya. Nilimsikia mmoja wa wale wanaume akimwambia, "Kaka, tukifika nayo Suguti hivi, mimi sitaonekana kilabuni mwaka mzima."

Tulipofika penye mashine ya kusaga, palikuwa na foleni ya wanawake wapatao ishirini, na madebe yao. Wambura alituzunguka, akasimama mbele ya ng'ombe. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Lete," alisema kwa sauti ndogo. "Lete hapa. Yaishe."

Petronila alilishusha tundu, lakini hakuliachia. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika pete ya juu, mikono miwili ya Wambura ilikuwa imeshika kitako. Uso wa Petronila ulikuwa na masizi hadi kwenye nyusi.

"Sema, baba mdogo."

"Nimeshika, si unaona?"

"Naona. Wao hawajasikia."

Mashine ilikuwa inanguruma. Alisubiri. Mwenye mashine, sijui kwa udadisi au kwa heshima, akaizima. Kukawa kimya, ila ng'ombe wakipumua.

"Nimepokea," alisema Wambura.

"Umepokea nini?"

"Ng'ombe sita. Na tundu." Alimeza mate. "Mahari yote."

Petronila akafungua vidole. Akawageukia wanawake wa foleni.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!" walijibu, na mmoja nyuma, ambaye sikumwona, akapiga kigelegele ingawa hakuwa harusini.